Pauni ya Uingereza: noti ipi bado ni pesa, ipi imeondolewa, na peni zinahesabiwaje

Tangu tarehe 5 Juni 2024, noti zenye sura ya Mfalme Charles wa Tatu zilipoanza kutoka kwenye benki za Uingereza, swali moja limekuwa likizunguka katika makundi ya WhatsApp ya familia zenye ndugu huko: je, pauni za Malkia zimekufa? Nyuma ya swali hilo yapo mengine. Mtu ana noti za karatasi alizoachiwa na mjomba aliyekuja likizo miaka kumi iliyopita, amezipeleka kwenye duka la kubadilishia fedha zikakataliwa, naye ameamua kwamba ni takataka. Mwingine ameletewa noti iliyoandikwa Clydesdale Bank, akaambiwa ni bandia. Wa tatu ana kopo la sarafu, nyingine za kahawia, nyingine nyeupe, na hajui kati ya ile kubwa na ile ndogo ipi imeizidi mwenzake.

Majibu kwa ufupi: pauni za Malkia hazijafa. Za karatasi zimeondolewa madukani, lakini thamani yake ipo. Noti ya Clydesdale ni pesa halisi. Na sarafu ndogo inaweza kuizidi kubwa. Tumezoea kudhani kwamba pesa ikikataliwa dukani basi imekufa, na mkanganyiko karibu wote unaanzia hapo. Kwa pauni, kukataliwa dukani na kufa ni mambo mawili, na asiyeyatenganisha huishia kutupa au kuuza kwa hasara fedha iliyo halali yake.

Pauni moja, peni mia

Tuanzie chini. Pauni ndiyo fedha ya Uingereza. Alama yake ni £, yaani herufi L iliyokatwa mstari, na kwenye mbao za viwango vya kubadilishia fedha huandikwa GBP. Jina lake kamili ni pauni sterling, na hilo jina la pili lina kazi yake, maana Misri, Sudan, Sudan Kusini, Syria na Lebanon nazo huita fedha zao pauni. Hizo hazina uhusiano wa thamani na ya Uingereza wala zenyewe kwa zenyewe. Dereva wa lori anayetoka Mombasa hadi Juba akilipwa pauni elfu kumi za Sudan Kusini, asipige hesabu za London.

Pauni moja ina peni 100. Kwa maandishi, peni huonyeshwa kwa herufi p baada ya tarakimu: 50p, 99p. Dukani utasikia watu wakisema "fifti pii". Bei ikiandikwa £2.50 ni pauni mbili na peni hamsini, na mwenye duka ataitamka "mbili hamsini" bila kutaja pauni wala peni. Jambo moja la kuangalia hapa ni nukta. Pauni 1.5 ni pauni moja na peni 50. Pauni moja na peni tano huandikwa £1.05. Nimeona watu wakibishana juu ya risiti ya ada ya kutuma fedha kwa sababu ya sifuri hiyo moja, na wote wawili wana hakika.

Sarafu zinazotumika ni nane: peni 1, peni 2, peni 5, peni 10, peni 20, peni 50, pauni 1 na pauni 2. Zimwage mezani uzitazame. Za peni 1 na peni 2 ni za kahawia. Tangu 1992 hutengenezwa kwa chuma kilichopakwa shaba, ndiyo maana zinanaswa na sumaku. Za peni 5 na peni 10 ni nyeupe na za duara. Za peni 20 na peni 50 ni nyeupe pia, ila zina pembe saba. Ya pauni 1 ina pande 12 na rangi mbili, dhahabu nje na fedha katikati. Ya pauni 2 ni duara kubwa lenye rangi mbili vilevile, kwa mpangilio uleule: dhahabu iko nje, fedha iko katikati.

Sasa weka ya peni 2 karibu na ya peni 5. Ya peni 2 ina upana wa karibu milimita 26, ya peni 5 ina milimita 18 tu, na ndiyo ndogo kuliko zote nane. Hata ya peni 10 inazidiwa kidogo na ya peni 2. Mgeni aliyefika Uingereza juzi hutoa ile kubwa ya kahawia akiamini ametoa pesa ya maana, kumbe ametoa chini ya nusu ya ile ndogo aliyoidharau. Utaratibu ni huu: angalia kwanza rangi na umbo, kisha ukubwa. Ukubwa unasema kitu pale tu unapolinganisha za kahawia kwa kahawia, nyeupe za duara kwa za duara, za pembe saba kwa za pembe saba.

Shilingi iliyogeuka peni tano

Kuna sababu ya kihistoria kwa nini mambo yamekaa hivyo, na inatugusa sisi moja kwa moja.

Kabla ya 1971, Waingereza hawakuhesabu kwa mia. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi ilikuwa na peni 12. Kwa hiyo pauni ilikuwa na peni 240. Hesabu hiyo ilitoka enzi za kale, pale ratili moja ya madini ya fedha ilipokatwa vipande 240. Mtoto wa shule alilazimika kujumlisha pauni, shilingi na peni katika safu tatu, kila safu na kikomo chake. Tarehe 15 Februari 1971 utaratibu huo uliachwa. Pauni ilibaki na thamani ileile, ila ikagawanywa upya katika peni 100. Shilingi, ambayo ilikuwa sehemu moja ya ishirini ya pauni, ikawa peni 5. Sarafu za shilingi ziliendelea kutumika kama peni 5 hadi 1990, peni 5 ilipopunguzwa ukubwa ikawa hii tunayoiona leo.

Shilingi hiyohiyo ndiyo mzazi wa shilingi zetu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na mwaka 1921 ikaleta shilingi ya Afrika Mashariki, sawa kabisa na shilingi ya Uingereza, 20 kwa pauni moja. Zanzibar iliendelea na rupia hadi 1936 ndipo ikajiunga. Lakini shilingi ya huku iligawanywa katika senti 100 tangu siku ya kwanza. Muuza ndizi wa Bukoba au wa Kisumu alikuwa akihesabu kwa mia nusu karne nzima kabla ya muuza mboga wa London. Jambo hili linastahili kujulikana zaidi, hasa na wanaodhani kila utaratibu wa kisasa wa fedha ulianzia Ulaya ukaja huku umechelewa.

Wazee wa Kenya wanakumbuka pia kwamba kwa miaka mingi baada ya uhuru bajeti ya serikali ilisomwa kwa pauni za Kenya. Noti ya jina hilo haikuwepo. Pauni ya Kenya ilikuwa njia ya kuhesabu tu, shilingi 20 kwa pauni moja. Anayesoma magazeti ya zamani na kukuta "pauni milioni" za mradi wa barabara asizichukulie kuwa za Uingereza bila kuangalia kwanza.

Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ilianza kutoa shilingi yake. Mwaka uliofuata, Novemba 1967, Uingereza ilishusha thamani ya pauni kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Nchi zetu tatu hazikufuata. Matokeo yake, pauni iliyokuwa ikinunuliwa kwa shilingi 20 ikawa inapatikana kwa shilingi 17 na senti chache. Leo pauni moja ni zaidi ya shilingi 3,000 za Tanzania na zaidi ya shilingi 150 za Kenya.

Noti na ahadi iliyoandikwa juu yake

Benki Kuu ya Uingereza, iliyoanzishwa 1694, hutoa noti za aina nne tu. Ya pauni 5 ina rangi ya kijani inayoelekea buluu, na nyuma yake yupo Winston Churchill. Ya pauni 10 ni ya rangi ya machungwa iliyokolea, yupo mwandishi Jane Austen. Ya pauni 20 ni ya zambarau, yupo mchoraji J.M.W. Turner. Ya pauni 50 ni nyekundu, yupo Alan Turing, mwanahisabati aliyesaidia kuzisoma jumbe za siri za jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. Noti hukua kadiri thamani inavyopanda: ya 5 ina urefu wa milimita 125, ya 50 milimita 146. Kuanzia ya 10 kuna vinundu kwenye kona, makundi mawili kwa ya 10, matatu kwa ya 20, manne kwa ya 50, ili asiyeona azitambue kwa vidole. Ya 5 haina vinundu, na kutokuwa navyo ndiko kunakoitambulisha.

Mbele ya zote kuna sura ya mtawala. Watu hudhani desturi hii ni ya tangu kale, lakini Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa mtawala wa kwanza kuwekwa kwenye noti za Benki hiyo, mwaka 1960. Yeye alifariki Septemba 2022, na Charles ni wa pili tu. Kwa hiyo hata Waingereza wenyewe hawakuwa na uzoefu wa noti zao kubadili sura ya mtawala. Wengi nao waliuliza kama za Malkia zitakusanywa. Hazikukusanywa. Benki ilisema mapema kwamba noti za Mfalme zitachapwa ili kuchukua nafasi ya zilizochakaa na kukidhi mahitaji yakiongezeka. Ukienda dukani na noti ya Malkia ya plastiki pamoja na ya Mfalme, zote zinapokelewa, na chenji utakayopewa inaweza kuwa mchanganyiko.

Kwa hiyo usipoteze muda kuangalia ni sura ya nani. Angalia noti imetengenezwa kwa nini: karatasi au plastiki.

Plastiki ilianza na ya pauni 5 tarehe 13 Septemba 2016, ikafuata ya 10 Septemba 2017, ya 20 Februari 2020, na ya 50 tarehe 23 Juni 2021, siku ya kuzaliwa ya Turing. Kila ya plastiki ilipoingia, dada yake wa karatasi alipewa muda kisha akaondolewa: ya 5 mwezi Mei 2017, ya 10 tarehe 1 Machi 2018, na ya 20 na ya 50 mwisho wa Septemba 2022. Tangu hapo hakuna noti ya karatasi ya Benki Kuu ya Uingereza ambayo mwenye duka analazimika kuipokea. Kama ulichonacho ni ya 5 yenye Elizabeth Fry, ya 10 yenye Charles Darwin, ya 20 yenye Adam Smith, au ya 50 yenye mabwana wawili wa mashine ya mvuke, Boulton na Watt, unayo noti iliyoondolewa.

Imeondolewa, lakini haijafutwa. Soma maandishi yaliyo juu yake. Kila noti ya Benki hiyo imebeba ahadi iliyotiwa sahihi na mtunza fedha mkuu: naahidi kumlipa mwenye noti hii, atakapodai, kiasi cha pauni kadhaa. Zamani ahadi hiyo ilimaanisha dhahabu. Uingereza iliachana na dhahabu mwaka 1931, na leo ukidai utapewa noti nyingine zenye thamani ileile. Lakini ahadi yenyewe haina tarehe ya mwisho. Benki inazilipa noti zake zote za zamani, hata ile ya kijani ya pauni 1 yenye Isaac Newton iliyoondolewa tangu 1988.

Mkulima wa korosho wa Mtwara atalielewa hili haraka kuliko msomi wa uchumi. Akipeleka korosho ghalani hupewa stakabadhi. Mwenye duka kijijini anaweza kuikataa stakabadhi hiyo kwa kuwa hana wajibu nayo. Ghala lililoitoa haliwezi kuikana.

Kwa nini basi watu wetu wanaamini noti iliyoondolewa imekufa? Kwa sababu huku kwetu mara nyingi inakufa kweli. Juni 2019 Kenya ilitangaza kuondoa noti za zamani za shilingi 1,000, mwisho ukawa tarehe 30 Septemba, na kuanzia Oktoba Mosi mwenye nazo alibaki na karatasi. Tanzania nayo ilitoa muda wa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Ukichelewa, umechelewa. Dola nayo imetufundisha kinyume chake: noti ya dola haiondolewi kisheria hata ikiwa ya miaka mingi, ingawa maduka ya kubadilishia fedha huku yanazikataa za zamani au kuzinunua kwa bei ya chini. Basi mtu anaifikia pauni akiwa na mazoea mawili, ya shilingi na ya dola, na hakuna hata moja linaloendana nayo. Pauni huondolewa madukani kama shilingi, kisha hulipwa na aliyeitoa bila kikomo cha muda.

Duka la kubadilishia fedha la Kariakoo au la Nairobi halikosei linapokataa noti ya karatasi. Lenyewe halina ahadi yoyote na mteja, na kuzisafirisha noti hizo hadi London ni gharama na kusubiri. Ninachokipinga ni watu wanaojua thamani yake na kumwambia mama mtu mzima kwamba karatasi zake hazifai, kisha wakajitolea "kumsaidia" kwa kumpa robo ya bei. Huo ni wizi, hata ukifanywa kwa upole.

Njia za halali zipo. Kwa kiasi kidogo, ndugu aliyeko Uingereza anaweza kwenda na noti pamoja na kitambulisho kwenye matawi ya posta yanayotoa huduma hiyo. Kiwango ni hadi pauni 300 kwa kila miaka miwili. Kwa kiasi kikubwa zaidi, zipo kaunta za Benki yenyewe katika mtaa wa Threadneedle, London, au kuzituma kwa posta zikiwa na fomu, nakala ya kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Masharti ya utumaji hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya Benki kabla ya kufunga bahasha. Na ukiona mtu mtandaoni anajitangaza kuwa wakala wa Benki hiyo Afrika Mashariki, mkwepe.

Noti isiyo na mfalme

Turudi kwa yule mwenye noti ya Clydesdale. Uingereza ni muungano wa nchi nne, na ni Benki Kuu pekee inayotoa noti za England na Wales. Scotland kuna benki tatu za biashara zinazotoa noti zao wenyewe: Bank of Scotland, Royal Bank of Scotland na Clydesdale. Ireland Kaskazini zipo pia tatu: Bank of Ireland, Danske Bank na Ulster Bank. Ndiyo, Danske ni jina la Kidenmaki, na noti yake ni ya pauni sterling. Baadhi ya benki hizi hutoa hata noti za pauni 100, ambazo Benki Kuu haina. Ndiyo maana mtu anayejua kwamba noti kubwa ya Uingereza ni ya 50 akioneshwa ya 100 hufikiri anatapeliwa.

Thamani yake ni sawa kabisa, pauni kwa pauni, kwa kuwa sheria inazitaka benki hizo ziweke rehani ya kutosha kufunika noti zilizotoa. Sehemu ya rehani hiyo hukaa ndani ya Benki Kuu kwa namna ya noti maalumu za pauni milioni moja na za pauni milioni mia moja. Noti hizo zipo kweli, lakini hazitoki nje ya kuta za Benki. Atakayekuonesha noti ya pauni milioni moja kwenye hoteli yoyote ya Dar es Salaam, Kampala au Muscat, anataka kukuibia.

Ugumu wa noti za Scotland ni wa mapokezi. Hata London keshia kijana anaweza kuigeuzageuza na kumwita msimamizi, na ukiifikisha Afrika Mashariki uwezekano wa kukataliwa ni mkubwa. Anayesafiri kutoka Glasgow au Belfast azibadilishe benki huko huko kabla ya kupanda ndege. Hali ni hiyohiyo kwa noti za Jersey, Guernsey na Kisiwa cha Man, visiwa vyenye pauni zao zilizofungamanishwa na ya Uingereza, ambavyo bado vinatoa hata noti ya pauni 1.

Watu hupenda kubishana kama noti za Scotland ni "fedha halali kisheria". Jibu la kisheria ni kwamba sivyo, na linashangaza zaidi ukijua kwamba ndani ya Scotland hata noti za Benki Kuu hazina hadhi hiyo. Istilahi hiyo inahusu tu ulipaji wa deni linalofika mahakamani. Haimlazimishi mwenye duka kupokea chochote, na haigusi thamani ya noti. Sarafu zina vikomo vyake pia: za peni 1 na peni 2 zina hadhi hiyo kwa deni lisilozidi peni 20 tu, kwa hiyo anayetaka kumkomoa mtu kwa kumlipa ndoo ya peni hana sheria ya kumtetea.

Je, pauni ni kubwa kwa sababu ina nguvu?

Wengi tunakutana na pauni kwenye habari za usajili wa wachezaji. Arsenal ilimnunua Declan Rice mwaka 2023 kwa mkataba wa pauni milioni 105; mtu anabadilisha kwa shilingi, anaona sifuri zimejaa ukurasa, na anahitimisha kwamba fedha yenye namba kubwa mbele ya shilingi ndiyo yenye uchumi mkubwa.

Wenye ndugu Oman wana jibu mkononi. Riali moja ya Omani imefungwa kwenye dola 2.60 tangu 1986, na hugawanywa katika baisa 1,000. Ni karibu mara mbili ya pauni. Dinari ya Kuwait ni zaidi ya dola 3. Hata hivyo uchumi wa Uingereza ni mkubwa mara nyingi kuliko wa Oman na Kuwait kwa pamoja. Na Japani, yenye uchumi mkubwa kuliko wa Uingereza, ina yeni ambayo moja haifiki hata senti moja ya dola. Ukubwa wa kipimo ulichaguliwa zamani na kila nchi. Kinachoeleza afya ya fedha ni inakokwenda: inapanda au inashuka, na kwa kasi gani.

Pauni imeshuka sana kwa miaka mingi. Kutoka dola 2.40 za 1967, ikaangushwa na walanguzi tarehe 16 Septemba 1992, ikaporomoka usiku wa kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya Juni 2016, na Septemba 2022, baada ya mpango wa serikali wa kupunguza kodi kwa mkopo, ikagusa chini ya dola 1.05, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia. Dada anayetuma pauni 100 kila mwezi kutoka Leicester hajapunguza upendo wakati familia Tanga inapopokea shilingi pungufu. Ametuma noti zilezile. Bei yake ndiyo imesogea, na juu ya hapo ipo ada ya kutuma na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ambalo ndilo faida ya duka.

Bandia, adimu, na kopo la sarafu

Plastiki ni ngumu kughushi, lakini si kwamba haiwezekani. Ukipokea noti, pitisha kidole juu ya maneno Bank of England upande wa mbele, yamenyanyuka kidogo. Tazama dirisha linalopitisha mwanga, kisha igeuzegeuze noti: kwenye picha inayong'aa, neno la thamani, Five au Ten au Twenty, hubadilika kuwa Pounds. Bandia nyingi hushindwa kwenye hilo la mwisho.

Kuhusu adimu, kuna picha inayosambaa ikidai kwamba sarafu yoyote iliyoandikwa New Pence ni mali. Sivyo. Sarafu zote za kuanzia mageuzi ya 1971 hadi 1981 ziliandikwa hivyo, zipo kwa mamilioni, na ya peni 2 ya mwaka 1977 ina thamani ya peni 2. Inayotafutwa ni ya peni 2 ya mwaka 1983 yenye maandishi hayo, kwa kuwa mwaka huo yalibaki kwa makosa. Ya peni 50 yenye bustani ya Kew ya mwaka 2009 nayo inatafutwa, kwani zilitengenezwa 210,000 tu.

Sarafu nyingine zote za kwenye kopo, maduka ya kubadilishia fedha huku hayazichukui. Zitenganishe, uzihesabu, umpe anayesafiri. Za pauni 1 zitazame moja moja: zenye pande 12 atazitumia akitoka tu uwanja wa ndege. Za duara ziliondolewa tarehe 15 Oktoba 2017, dukani hazipokelewi, lakini benki nyingi za Uingereza bado zinamruhusu mteja wao kuziweka kwenye akaunti yake. Kwa hiyo hizo mkabidhi mwenye akaunti huko, usimpe mwanafunzi anayekwenda kuanza chuo na bado hajafungua.